Nani ana haki ya kufungua duka? Marekani baada ya utumwa

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba niongelee haki za kiraia na biashara, na akanisisitizia nisiongee kama wakili. Hilo halina shida, mimi sio wakili, mimi ni mtu wa kuwajazia watu makaratasi ya leseni na kodi hapa Columbus, Ohio, ila hizi kesi za zamani za Marekani nazisoma sana, wenzangu wanaangalia mpira mi nasoma hukumu za 1873, kila mtu na ugonjwa wake.

Sasa, ukimtajia mtu haki za kiraia anawaza kura, anawaza kukaa siti ya mbele kwenye basi, anawaza maandamano ya 1963. Sawa kabisa. Lakini sheria ya kwanza kabisa ya haki za kiraia ya nchi hii ilipita mwaka 1866 na kura haimo mle. Kilichomo ni mkataba, shamba, nyumba, urithi, na haki ya kwenda mahakamani kudai hela yako. Yaani wale waliokuwa wanawatoa watu utumwani waliona kitu cha kwanza mtu huru anahitaji ni kuweza kufanya kazi anayoitaka, alipwe, na chake kiwe chake. Alafu ndani ya miaka 30 majaji wakaichukua haki hiyo wakawapa makampuni, na yule aliyeandikiwa akabaki mikono mitupu. Hiyo ndo habari yangu ya leo, na naiona humu ukumbini ina wenyewe, kuna wenye saluni, kuna madereva wa malori, kuna mama zetu wa daycare, wote mnaishi kwa leseni na mikataba.

Tuanzie Disemba 1865. Vita ya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini, imeisha, marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyokomesha utumwa, yamepitishwa, watu kama milioni nne wako huru. Lakini mabwana wa kusini hawajaenda popote, mashamba bado yao, pamba inataka kuvunwa, na mabunge ya majimbo yako mikononi mwao. Hawakusema rudini utumwani. Wakatunga sheria za kazi, na ukizisoma harakaharaka unaweza kudhani ni sheria za kawaida tu za ajira, mpaka usome vizuri.

Chukua Mississippi. Kila mtu mweusi awe na makazi na kazi ikifika Jumatatu ya pili ya Januari, kila mwaka, na awe na karatasi ya kuthibitisha. Huna karatasi we ni mzururaji, unapigwa faini, na ukishindwa kulipa ndani ya siku tano sherifu anakukodisha kwa atakayekulipia. Ardhi ya shambani huruhusiwi kukodi, labda ndani ya mji. Ukiacha kazi kabla mkataba wa mwaka haujaisha bila sababu wanayoikubali wao, unapoteza mshahara wote wa mwaka huo, hata kama umebakiza wiki mbili. Na sikilizeni hii, mtu yeyote, sio polisi tu, anaweza kukukamata akurudishe kwa mwajiri, na analipwa dola 5, juu yake senti 10 kwa kila maili aliyokuburuza. Nani anamlipa? Mwajiri. Alafu mwajiri anaikata kwenye mshahara wako. Kwa hiyo unamlipa aliyekukamata, na kadiri ulivyokimbia mbali ndo bili inapanda.

South Carolina wao walikuja kwa njia ya leseni. Mtu mweusi ukitaka kazi yoyote tofauti na kulima au utumishi wa nyumbani, yaani useremala, uhunzi, ushonaji, duka, umachinga, lazima uende kwa jaji akupe leseni, ya mwaka mmoja tu. Fundi analipa dola 10. Mwenye duka au mmachinga dola 100. Mzungu halipi hiyo. Na dola 100 za 1865 kwa mtu aliyetoka utumwani juzi, asiye na hata sufuria ya kwake, wacha niseme tu kwamba hiyo haikuwa ada, ilikuwa ukuta. Jenerali Sickles, aliyekuwa anasimamia jeshi kule, aliifuta mwanzoni mwa 1866, lakini kila mtu alikuwa ameshaona wanapoelekea.

Ndo maana seneta Lyman Trumbull wa Illinois akaandika ule muswada wa 1866 jinsi alivyouandika. Mstari wenyewe unasema raia wa kila rangi, hata kama jana alikuwa mtumwa, atakuwa na haki ileile aliyonayo raia mzungu ya kufanya mikataba na kuidai, kushtaki na kushtakiwa, kutoa ushahidi, kurithi, kununua, kukodi, kuuza na kumiliki mali. Ni kama jibu la moja kwa moja kwa Mississippi na South Carolina, kifungu kwa kifungu. Rais Andrew Johnson akagoma kusaini, akalalamika eti muswada unawapendelea weusi dhidi ya wazungu (hoja hii mnaisikia mpaka leo, haijazeeka). Bunge likampita tarehe 9 Aprili 1866, ikawa mara ya kwanza Bunge la Marekani kumpiku rais kwenye sheria kubwa namna hiyo. Na kwa kuogopa kwamba siku moja Bunge lingine lingeifuta, wakaipandisha kwenye katiba, ndo marekebisho ya 14, ya 1868: hakuna jimbo litakalopunguza haki na hadhi za raia wa Marekani, wala kumnyang'anya mtu yeyote uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa sheria, wala kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria.

Shikeni hayo maneno mawili, raia na mtu yeyote, tutayahitaji mbele.

Sasa ukiniuliza ni wiki gani mbaya kuliko zote kwenye historia ya sheria ya nchi hii, nitakuambia wiki ya katikati ya Aprili 1873. Siku tatu mfululizo. Jumapili tarehe 13, ilikuwa Pasaka, kule Colfax, Louisiana, kundi la wazungu wenye silaha na mzinga likashambulia mahakama ya wilaya iliyokuwa inalindwa na watu weusi kwa ajili ya ugomvi wa uchaguzi, wakaua watu weusi kwa makumi, wengi walishajisalimisha. Jumatatu tarehe 14, Mahakama ya Juu kule Washington ikasoma hukumu ya wachinjaji wa New Orleans. Jumanne tarehe 15 ikasoma ya Myra Bradwell. Hakuna aliyepanga ziangukie pamoja, lakini mi siwezi kuzitenganisha.

Wachinjaji ilikuwa hivi. New Orleans ilikuwa chafu, ng'ombe wanachinjwa kila kona, utumbo na damu vinatupwa mto Mississippi juu ya pale mji unapochotea maji, kipindupindu na homa ya manjano kila msimu. Mwaka 1869 bunge la Louisiana, bunge lenye wajumbe weusi na weupe, likasema machinjio yawe moja tu, chini ya mji, na yaendeshwe na kampuni moja kwa miaka 25. Mchinjaji yeyote ruksa kwenda kuchinja pale ila alipie. Wachinjaji wakapandwa na hasira. Wakasema kazi yetu ni mali yetu na hii ni monopoli, na marekebisho ya 14 yanatulinda.

Na wakili wao nani? John Campbell, jaji wa zamani wa Mahakama ya Juu hiyohiyo, aliyejiuzulu 1861 akaenda kuwa naibu waziri wa vita wa upande uliokuwa unapigania utumwa. Huyu bwana ndo anasimama anaililia katiba iliyoandikwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, anaitaka iwalinde wachinja ng'ombe wazungu. Hapo mtu anacheka, lakini hoja yake ilikuwa na mashiko. Kama haki ya kutafuta riziki kwa kazi halali sio haki ya raia, basi haki ya raia ni nini?

Jaji Samuel Miller, ambaye kabla ya sheria alikuwa daktari kwa hiyo habari za uchafu na kipindupindu alizijua, akaandika hukumu ya kura 5 kwa 4. Akaanza vizuri sana, akasema haya marekebisho lengo lake lilikuwa uhuru wa watu weusi. Alafu akaja kusema haki za raia wa Marekani zinazolindwa ni chache, kwa mfano kufika bandarini, kulindwa ukiwa baharini, kwenda makao makuu ya serikali kudai jambo lako. Haki nyingine zote, mikataba, kazi, mali, hizo nenda kaulize jimbo lako. Jimbo lako! Mtu mweusi wa Mississippi aambiwe akaulize Mississippi. Kwa hiyo wachinjaji walishindwa kesi, ila aliyeumia zaidi hakuwa mchinjaji, maana mchinjaji aliendelea kuchinja. Na mimi kwenye machinjio yenyewe nadhani jimbo lilikuwa na sababu nzuri, afya ni afya, Miller angeweza kusema hivyo tu akaishia hapo bila kufuta nusu ya marekebisho.

Kesho yake, Myra Bradwell. Huyu mama wa Chicago alikuwa na gazeti lake la sheria, mawakili wote wa Illinois walilisoma, akafaulu mtihani, akaomba leseni ya uwakili 1869. Mahakama ya Illinois ikamnyima, na sababu ya kwanza waliyompa ni kwamba mke wa mtu hawezi kufungwa na mkataba, sasa atakuwaje na mteja? Angalieni tena, mkataba. Washington nako akakataliwa, majaji wote isipokuwa mmoja. Na jaji Joseph Bradley, ambaye jana yake tu alikuwa upande wa wachinjaji, akaandika kwa uchungu kwamba mtu kuchagua kazi yake ni sehemu ya uhuru wake, leo akaandika kwamba kazi ya mwanamke ni kuwa mke na mama na hiyo ni sheria ya Muumba. Masaa 24! Na utamu haujaisha, seneta Matthew Carpenter aliyemtetea mama Bradwell kwamba kila raia ana haki ya kuchagua kazi ndo huyohuyo aliyeitetea kampuni ya machinjio dhidi ya wachinjaji. Mawakili bwana.

Mama Bradwell alipewa leseni yake 1890, akafariki 1894.

Wale wauaji wa Colfax walishtakiwa, wakatiwa hatiani wachache, alafu 1876 Mahakama ya Juu ikafuta, kwa mantiki ileile, kwamba katiba inazuia majimbo, haizuii watu binafsi. Mwaka 1883 ikafuta pia sheria ya 1875 iliyokataza hoteli, treni na majumba ya maonesho kubagua, na aliyeandika ni Bradley tena, akasema inafika wakati mtu mweusi aache kuwa kipenzi maalum cha sheria. Kipenzi! Miaka 18 tu tangu soko la watu lifungwe.

Tuondoke kusini kidogo twende San Francisco, kwasababu huko ndo kuna kesi ninayoipenda kuliko zote.

Wachina walikuja California kwa dhahabu na reli, kazi zikaisha, wengi wakaingia udobi. Tangu miaka ya 1870 mji ukawa unawatafutia sababu. Mfano mmoja, kodi ya madobi: ukipeleka nguo kwa gari la farasi mmoja ulilipa dola 2 kwa miezi mitatu, farasi wawili dola 4, na asiye na farasi kabisa alilipa dola 15. Asiye na farasi ni nani? Mchina anayebeba mafurushi kwa mti begani. Sheria haijataja Mchina popote, kaangalie.

Mwaka 1880 wakaja na nyingine. Huruhusiwi kuendesha udobi kwenye jengo la mbao bila ridhaa ya madiwani wa mji. Sababu, moto. Sasa San Francisco ya wakati ule nyumba tisa katika kumi zilikuwa za mbao. Madobi yalikuwa kama 320, karibu 310 ya mbao, na 240 hivi yalikuwa ya Wachina. Wachina kama 200 wakaomba ridhaa. Wote wakanyimwa. Wasio Wachina kama 80 wakaomba, wakapewa wote isipokuwa mmoja. Waliokataa kufunga wakakamatwa, zaidi ya 150.

Mmoja wao kwenye makaratasi ya kesi anaitwa Yick Wo. Alifika California 1861, alikuwa na dobi lake miaka 22 kwenye jengo lilelile. Wakaguzi wa moto walishampitisha 1884, afisa afya naye kampitisha, jiko salama, maji machafu yanatoka vizuri, ana vyeti. Akaomba ridhaa ya madiwani 1885, hapana. Akaendelea kufua. Faini dola 10, asipolipa siku 10 jela, siku kwa dola. Angelipa tu yakaisha, kumi ni kumi. Lakini chama cha madobi wa Kichina kilikuwa kinachangishana hela muda mrefu kwa ajili ya mawakili, walishapigana kesi nyingine kabla yake wakashindwa, ile ya kukatazwa kufua kuanzia saa nne usiku walishindwa 1885. Hii wakaipeleka mpaka juu.

Tarehe 10 Mei 1886 majaji wote, bila mmoja kupinga, wakampa haki. Aliyeandika ni Stanley Matthews, mtu wa hapa Ohio, wa Cincinnati, wakili wa zamani wa reli, mtu ambaye Seneti ilimpitisha kwa kura 24 kwa 23 tu. Sikumtegemea kabisa. Akasema mambo mawili. La kwanza, katiba haijasema raia, imesema mtu yeyote, kwa hiyo Mchina asiye raia, na ambaye sheria hata haimruhusu kuwa raia, yumo. La pili, sheria inaweza kuwa na sura nzuri kwenye karatasi lakini ikiendeshwa kwa jicho baya na mkono usio sawa, inakuwa imevunja katiba vilevile. Na akasema kwamba mtu riziki yake kutegemea tu ridhaa ya mtu mwingine, bila sababu yoyote inayotolewa, huo ndo utumwa wenyewe. Mi mstari huo nikiusoma nakumbuka ile leseni ya South Carolina. Matthews alichokifanya ni kusoma sheria ya 1866 kama ilivyokusudiwa, ila kwa dobi.

Sasa msishangilie bado. Siku hiyohiyo, tarehe 10 Mei 1886, mahakama hiyohiyo ilitoa uamuzi wa kesi ya kaunti ya Santa Clara na kampuni ya reli ya Southern Pacific, habari za kodi ya uzio tu. Lakini kabla mawakili hawajaanza kubishana, jaji mkuu Morrison Waite, naye mtu wa Ohio, wa Toledo, akawaambia hatutaki kusikia hoja ya kama kampuni ni mtu kwa maana ya marekebisho ya 14, sisi wote tunaona ni mtu. Basi. Hakuna hoja, hakuna maelezo, karani akaiandika juu ya hukumu, na mlango ukafunguka. Siku moja, milango miwili, mmoja umemwingiza dobi mwingine umeingiza reli. Wa reli ukapitwa na wengi sana. Ule wa dobi ulikuwa ukifunguliwa kwa nadra mno. Mwaka 1898 mtu mweusi wa Mississippi, Henry Williams, alikwenda na hukumu ya Yick Wo mkononi kupinga sheria za kuandikisha wapiga kura ambazo zilikuwa zinawaondoa weusi kwenye orodha na kwenye jury pia (lile baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani), akaambiwa hujaonesha kwamba zinaendeshwa vibaya. Mississippi ya 1898! Ungetaka uoneshwe nini zaidi?

Kesi ya Homer Plessy wengi mnaijua kwa hiyo sitakaa sana. Fundi viatu chotara wa New Orleans, Juni 1892 amekata tiketi ya daraja la kwanza, amekaa behewa la wazungu, kakamatwa, na yote yalipangwa na kamati ya raia weusi na machotara wa mji ule kwa makubaliano na kampuni ya treni yenyewe. Watu hawaulizi kampuni ilikubali kwa nini. Hela. Sheria ya Louisiana ya 1890, ya kutenganisha weusi na wazungu kwenye treni, iliwalazimisha kuvuta behewa la pili hata kama lina abiria watatu. Yaani soko lilikuwa linataka kuwachanganya watu, serikali ndo iliyokuwa inawatenganisha.

Na kuna kifungu kwenye sheria ile wengi wanakipita. Ilisema marufuku hii haiwahusu mayaya wanaotunza watoto wa rangi nyingine. Kwa hiyo dada mweusi akiwa amembeba mtoto wa kizungu, anakaa behewa la wazungu, hakuna neno, hanuki, haambukizi. Akimshusha mtoto akikata tiketi kwa hela yake mwenyewe, ni kosa la jinai, dola 25 au siku 20. Shida haikuwa kukaa karibu. Shida ilikuwa kukaa kama mteja.

Wakili wa Plessy, Albion Tourgée, mzaliwa wa Ohio hii hii, alijaribu hoja ya mali. Akasema kuonekana mzungu nchi hii ni mali, kunakufungulia kazi na biashara, na sheria inampa kondakta mamlaka ya kukunyang'anya. Jaji Brown akamjibu kwamba kama ni mzungu kweli akawekwa behewa la weusi, basi ashtaki alipwe fidia, kama sio mzungu hajanyang'anywa kitu maana hakuwa nacho. Yaani amekubali ni mali! Kura 7 kwa 1, tarehe 18 Mei 1896. Yule mmoja ni John Harlan wa Kentucky, aliyewahi kumiliki watumwa, na upinzani wake unasomwa mashuleni, ila wanaruka ile aya anayowasema vibaya Wachina. Isomeni yote, tusitengenezeane malaika.

Haijapita miezi kumi, Machi 1897, majaji walewale tisa, jimbo lilelile la Louisiana, inakuja kesi ya Allgeyer. Hii ni kampuni ya New Orleans iliyokuwa inasafirisha pamba, ikakata bima ya shehena kwa kampuni ya New York ambayo haikuwa imekamilisha masharti ya Louisiana. Jimbo likaipiga faini. Mahakama ikasema kwa kauli moja, hapana, uhuru kwenye marekebisho ya 14 sio kutofungwa pingu tu, ni mtu kutumia vipaji vyake kwa namna anayotaka, kuishi na kufanya kazi anapotaka, kupata riziki kwa kazi yoyote halali, na kuingia mikataba yote inayohitajika kwa hayo. Aliyeandika ni Rufus Peckham, mmoja wa wale saba waliomkatalia Plessy.

Maneno mazuri sana. Ukimpa Trumbull ayasome 1866 angesema ndo hayo niliyokuwa nayatafuta. Na yamekuja kutumika kwa bima ya pamba. Baadaye, 1905, Peckham huyohuyo akayatumia kufuta sheria ya New York iliyosema mwoka mikate asifanye kazi zaidi ya masaa 60 kwa wiki, na ndo maana leo wasomi wengi wa mrengo wa kushoto wakisikia uhuru wa mkataba wanatema mate chini. Mi siwalaumu. Ila naona wanachanganya. Tatizo halikuwa kwamba mahakama ilijali sana mikataba. Tatizo ni mikataba ya nani.

Kama mnabisha njooni Georgia, 1900. Kulikuwa na jamaa anaitwa Williams, mwenye mguu wa mbao, kazi yake ni wakala, anakusanya wafanyakazi weusi wa mashambani Georgia anawapeleka majimbo mengine kwenye mshahara mzuri zaidi. Wenye mashamba walimchukia kama ugonjwa. Jimbo likaweka kodi ya dola 500 kwa mawakala wa namna hiyo, na sio kwa jimbo zima, kwa kila kaunti. Akaenda mpaka Washington akisema hii inaminya uhuru wa watu kuhama kutafuta kazi. Miaka mitatu tu baada ya kuambiwa mtu anaweza kuishi na kufanya kazi anapotaka. Majaji wakasema hii inamgusa wakala tu, mfanyakazi akitaka kuondoka aondoke mwenyewe. Harlan peke yake akapinga. Mfanyakazi asiyejua kusoma, mwenye deni dukani kwa bwana shamba, aondoke mwenyewe.

Na hilo deni ndo lilikuwa mnyororo mpya. Alabama kulikuwa na kibarua anaitwa Alonzo Bailey, mwisho wa 1907 kasaini mkataba wa mwaka mmoja, dola 12 kwa mwezi, akapewa dola 15 mkononi za kuanzia. Kafanya kazi mwezi na siku kidogo, kaacha. Kwa sheria ya Alabama ukichukua advansi ukaacha kazi bila kurudisha, inahesabika ulikusudia kutapeli tangu mwanzo, na huruhusiwi hata kusimama kizimbani useme nia yako ilikuwa nini. Faini dola 30 na gharama za kesi, akashindwa kulipa, kwa hiyo siku 136 za kazi ngumu, 20 kwa ajili ya faini na 116 kwa ajili ya gharama. Gharama za kesi ya kumfunga! Mahakama ya Juu ilikuja kuifuta sheria hiyo Januari 1911, lakini muda wote huo watu wangapi walishapita kwenye hilo tundu.

Mtaniuliza sasa ule mstari wa 1866 uliishia wapi. Haukufutwa. Ulikaa kwenye vitabu kimya. Mwaka 1968 mahakama iliufufua kwenye kesi ya familia moja iliyonyimwa kununua nyumba pembeni ya St. Louis, ikasema unawabana hata watu binafsi, na 1976 ikasema hivyohivyo kwa mikataba. Leo sehemu yake ya mikataba inaitwa kifungu cha 1981, na humo imeandikwa watu wote, sio raia tu. Una green card, una asylum, umo. Na nyie ndugu zangu wenye asili ya Oman na Yemen, mwaka 1987 kuna profesa mzaliwa wa Iraq alinyimwa ajira ya kudumu chuoni, chuo kikajitetea eti Mwarabu anahesabika mzungu kwa hiyo hakuna ubaguzi wa rangi, mahakama ikarudi kuangalia watu wa 1866 walimaanisha nini wakisema asili, ikasema anaruhusiwa kushtaki.

Sio rahisi lakini. Tangu 2020, kwenye kesi dhidi ya Comcast, kampuni ya televisheni na intaneti, lazima uoneshe kwamba bila hiyo rangi au asili yako mkataba ungepata, haitoshi kusema ilikuwa sababu mojawapo. Kwa hiyo mwenye nyumba akikukatalia fremu ya saluni, au benki, au kampuni ya mizigo inakupa mzigo kisha inakuona inaghairi, tunza meseji, tunza tarehe, tunza jina la aliyepewa badala yako na masharti aliyopewa. Yick Wo alishinda kwasababu kulikuwa na hesabu, 200 hapa na 80 pale.

Haya, kipaza sauti kiko kwa dada pale nyuma. Mama wa daycare uliyenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye machinjio, anza wewe.